Muulize Nesi: Mtu akiumia huko, atamfikia daktari baada ya saa ngapi?

Toleo lililopita niliwaomba mnaojiandaa kwa safari za nje ya mji mniandikie mnabeba nini cha kujisaidia mtu akiumia. Barua zimekuja nyingi na karibu zote zina orodha. Tatizo ni kwamba orodha hizo zinafanana, iwe mtu anakwenda ufukweni kwa siku moja au anaingia porini mwezi mzima. Mimi kabla ya kutaja dawa yoyote huuliza: mtu akiumia vibaya huko, atakuwa mbele ya daktari baada ya saa ngapi? Ikiwa ni nusu saa, kazi yako ni kuzuia damu na kupiga simu. Ikiwa ni kesho yake, utamtunza mgonjwa usiku kucha, na mkoba wako ubebe vya kumtunzia.

Shikamoo mama nesi. Ninafundisha sekondari hapa Same. Mwezi ujao tunawapeleka wanafunzi 40 wa kidato cha tatu Marangu, tupande Mlima Kilimanjaro hadi kambi ya Mandara na kreta ya Maundi, tushuke siku hiyohiyo. Nimekabidhiwa sanduku la shule: lina spiriti, pamba, plasta na Panadol. Niongeze nini? – Mwalimu, Same

Marahaba mwalimu. Kabla ya kuongeza, punguza. Spiriti na pamba vibaki shuleni. Pamba huacha nyuzi ndani ya kidonda, na spiriti huunguza nyama iliyo wazi. Mtoto akishamwona mwenzake anavyopiga kelele, ataficha kidonda chake hadi jioni. Kidonda kioshwe kwa maji safi ya kunywa, tena mengi. Chukua chupa ya maji, toboa kifuniko chake kwa sindano ya kushonea, kisha minya: utapata mchirizi wenye nguvu ya kutoa mchanga na vipande vya majani. Osha mpaka usione uchafu, funika kwa gozi, funga bandeji.

Sasa safari yenyewe. Toka langoni hadi Mandara ni kama kilomita 8, saa 3 hadi 4 kwa mwendo wa wanafunzi. Mandara iko mita 2,720, kwa hiyo wachache wanaweza kuumwa kichwa, ila si hicho kitakachokuchosha. Kitakachokuchosha ni malengelenge ya viatu vya shule, vifundo vinavyoteguka kwenye mizizi wakati wa kushuka, pumu, baridi ya mtu aliyelowa mvua ya msituni, na msichana aliyeanza hedhi njiani akaona aibu kusema. Weka pedi, na mwalimu wa kike awatangazie wasichana kabla ya kuondoka kwamba zipo na ziko kwa nani.

Kitu cha maana kuliko vyote kwenye mkoba wako ni karatasi. Waandikie wazazi sasa hivi, usingoje wiki ya safari. Uliza nani ana pumu, kifafa, kisukari, selimundu, au mzio wa dawa na nyuki, na uandike namba ya simu ya mzazi mbele ya kila jina. Kwenye selimundu nakusihi usilegee. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo, na baridi, kiu, uchovu na kimo ni mambo yanayoamsha maumivu makali kwa mtoto mwenye ugonjwa huo. Mtoto huyo asipande mpaka daktari anayemtibu akubali kwa maandishi. Mtafutieni kazi ya heshima langoni, asibaki bwenini peke yake.

Mwenye pumu abebe pampu yake mfukoni, si kwenye begi lililotangulia. Akibanwa na kushindwa kuvuta vizuri, tumia chupa ya plastiki ya nusu lita, safi na kavu. Kata tundu kwenye kitako kwa ukubwa wa mdomo wa pampu, ingiza pampu pale, ziba pembeni kwa plasta. Mtoto aweke midomo kwenye mdomo wa chupa. Bonyeza mara moja, apumue ndani ya chupa mara 4 hadi 6, kisha bonyeza tena. Mipulizo 4 hadi 10. Itengeneze chupa hiyo shuleni, ijaribuni kabla ya safari, iende ndani ya mkoba ikiwa tayari. Asipopata nafuu, mnashuka naye huku mkiendelea kumpa.

Halafu usiwe na mkoba mmoja. Watoto 40 kwenye njia ya msitu hujivuta kwa kilomita nzima, na anayeumia huwa nyuma. Mkoba mmoja uende na mwalimu wa mbele, mwingine na mwalimu wa mwisho kabisa. Kila mmoja uwe na glovu jozi tano, gozi za kutosha, bandeji mbili za kuvutika, plasta ndogo, plasta pana ya mkunjo, mkasi, Panadol, pakiti tano za ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini), blanketi jepesi na kanga moja. Kanga ukiikunja kona kwa kona inabeba mkono uliovunjika. Ukiikunja kwa urefu inafunga mguu kwenye kipande cha boksi gumu.

Baada ya nusu saa ya kwanza simamisheni msafara, muulize kila mmoja kama kuna mahali kiatu kinapasugua. Pakiwa pekundu tu, bandika plasta pana hapohapo. Dakika hizo tano zitakuokoa na watoto wa kubebwa saa nane mchana.

Shikamoo mama. Nimepata kazi ya mgumu, yaani mpagazi, mlimani, njia ya Machame. Wageni wana mkoba wa dawa na mtungi wa oksijeni. Sisi wagumu tubebe nini? Na je, ni kweli mtoto wa Kichagga haumwi mlima? Rafiki yangu ananishauri ninunue Diamox. – Kijana, Moshi

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi. Si kweli. Mlima hauangalii ukoo. Ukiishi Moshi mjini, mwili wako ni wa Moshi mjini, na mazoea ya kimo unayoyapata safari moja huisha ukikaa chini wiki chache. Wagumu huumwa na wagumu hufa, mara nyingi kwa sababu mtu aliogopa kusema asije akakosa safari ijayo. Ukisikia kichwa kinauma, unatapika, chakula hakipiti, mwambie kiongozi wako siku hiyohiyo, na usipande zaidi mpaka umepona.

Dalili mbili zisikufanye usubiri asubuhi. Ya kwanza ni kuyumba: mwambie mwenzako atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa pili. Akishindwa, au akianza kuongea yasiyoeleweka, ubongo wake unavimba. Ya pili ni kuhema hata akiwa amekaa, na kukohoa mapovu, pengine yenye rangi ya waridi. Hayo ni maji kwenye mapafu. Wote wawili wanashushwa sasa hivi, usiku na mvua visiwazuie, angalau mita 500 hadi 1,000. Oksijeni ianze huku machela ya gurudumu moja inatafutwa. Oksijeni ni ya msafara mzima, mgeni na mgumu. Siku ya kwanza, kabla hamjavuka lango, muulize kiongozi mkoba wa dawa unakaa kwenye mzigo wa nani. Ukifika usiku wa kuuhitaji, hutakuwa na muda wa kufungua mizigo yote.

Diamox husaidia mwili kuzoea kimo upesi, kwa hiyo wanaosema inaficha ugonjwa wanakosea. Lakini inakojolesha, inawasha vidole, na kama uliwahi kupata upele au kuvimba kwa Septrini au SP (dawa zenye salfa), usiiguse kabla ya kuonana na daktari. Usipokee kidonge cha rafiki.

Mfuko wako mwenyewe uwe mdogo: Panadol, pakiti tatu za ORS, plasta pana, miwani ya jua, soksi kavu zilizofungwa zisilowe. Miwani si urembo; jua la kwenye theluji huunguza macho, na unaanza kuona kama una mchanga machoni jioni wakati madhara yameshatokea. Mzigo wako usizidi kilo 20 zinazoruhusiwa. Mgongo na magoti yaliyoumia hayana dawa kwenye mkoba wowote.

Dada nesi habari. Jumapili tunakwenda kisiwa cha Mbudya na watoto watatu, mdogo ana miaka minne. Nichukue nini? – Mama wa watatu, Mbezi

Njema, mdogo wangu. Kwanza jaketi la kuokolea linalomtosha kila mtoto, ulijaribishe nyumbani. La mtu mzima humvuka mtoto kichwani.

Pili, beba chupa ya chai iliyojaa maji ya moto ambayo hamtayanywa. Kwenye mawe na nyasi za bahari kuna wale wanyama wa miiba mirefu myeusi, na kwenye mchanga kuna samaki aitwaye taa, mwenye mwiba mkiani. Sumu ya wote wawili hupungua nguvu kwa joto. Changanya maji kwenye beseni mpaka mkono wako mzima uyavumilie, moto lakini usiounguza, kisha mguu wa mtoto ukae humo nusu saa hadi saa moja na nusu, ukiongeza moto kadiri yanavyopoa. Mpimie wewe kwa mkono wako, kwa sababu mguu wenye maumivu hausikii vizuri joto. Vijana wa ufukweni wanaweza kukuletea utomvu wa papai. Anza na maji ya moto. Miiba inayoonekana itoe kwa kibano, iliyozama karibu na kiungo iachie hospitali. Mwiba wa taa ukiwa umeingia kifuani au tumboni usiuchomoe, panda boti uondoke. Vaeni raba za majini na mengi ya haya hayatatokea.

Mtoto akitolewa majini hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlaze chali, mpe pumzi 5, kisha minya kifua mara 30 kwa pumzi 2, usiache, huku mtu mwingine akipiga 112 na kuita boti. Jifunze hilo kwa mkono kabla ya Jumapili; nusu siku ya mafunzo itakufaa kuliko dawa zote utakazonunua.

Shikamoo mama. Sisi ni warina asali, watu sita, tunaingia msituni Sikonge wiki tatu kwa baiskeli. Kutoka kambini hadi zahanati ni siku nzima. Mwaka jana mwenzetu alikatwa na shoka mguuni, tulifunga kwa shati. Tunaomba orodha. – Mrina asali, Tabora

Marahaba baba. Barua yako nimeisoma mara nyingi, maana nyie ndio wenye hitaji kubwa kuliko wapanda milima wenye simu za setilaiti. Siku nzima kwa baiskeli kwa mtu mzima wa afya. Kwa mgonjwa hesabu siku mbili.

Tuanze na shoka na panga. Beba gozi nyingi na bandeji sita za kuvutika. Weka gozi juu ya kidonda, kandamiza kwa viganja viwili na uzito wa mwili wako dakika 10 kamili bila kufunua kuchungulia. Damu nyingi husimama hapo. Ikiwa inaruka na haisikii, basi funga juu ya kidonda kitambaa kipana, vidole vitatu au zaidi, kaza kwa kijiti mpaka damu ikate, andika saa kwenye paji la uso wake kwa kalamu, na msafara wa kurudi uanze. Kamba nyembamba na waya vinakata nyama, msivitumie. Na kabla ya kuingia, wote sita mpite zahanati mkachomwe sindano ya pepopunda kama ya mwisho ilikuwa zamani.

Nyoka. Kifutu hulala njiani na hakimbii, kwa hiyo viatu virefu na tochi usiku ni dawa ya kwanza. Aliyeumwa avue pete na viatu, alale, kiungo kifungwe kwenye fito kisicheze. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba. Jiwe jeusi linalouzwa sokoni halivuti sumu. Nimeona watu wakipoteza saa zao za thamani wakilingoja lidondoke. Dawa ya sumu ya nyoka hutolewa hospitalini, na wagonjwa wengine hupata mzio nayo palepale, ndiyo maana hatuiweki kwenye mkoba. Msimuue nyoka kuja naye. Mgonjwa asitembee wala asikanyage baiskeli. Chukueni magunia mawili, toboeni pembe za chini, pitisheni miti miwili mirefu ndani ya magunia yote, mmepata machela. Yajaribuni siku ya kwanza kambini kwa kumbeba mwenye mwili mkubwa kuliko wote. Swila akitema machoni, osheni kwa maji mengi mfululizo, maziwa au maji ya kunywa yote yanafaa kuliko kusugua.

Nyuki mnawajua kuliko mimi, ila nisemeeni hili kwa vijana wapya. Mwiba utoeni haraka, kwa ukucha au kisu, njia yoyote ilimradi haraka, kwani unaendelea kusukuma sumu. Uvimbe mahali palipoumwa ni kawaida. Midomo na ulimi kuvimba, kukoroma kifuani, kizunguzungu na kuanguka si kawaida. Huyo anahitaji sindano ya adrenalini na Piriton haitamwokoa. Aliyewahi kufikia hali hiyo hata mara moja asije kurina. Mpeni kazi ya kuchuja na kuuza.

Sasa homa, ambayo ndiyo itakayowapata kwa uhakika zaidi. Nendeni kwa mganga wa zahanati yenu mkiwa pamoja, mwombe awafundishe kutumia kipimo cha haraka cha malaria na awaandikie dawa mseto. Mtu mzima wa kilo 35 na kuendelea humeza vidonge 4, vingine 4 baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata, jumla 24, akishiba. Bebeni dozi tatu kamili. Msigawane dozi moja watu wawili. Anayetapika kila kitu, anayechanganyikiwa au kupata degedege hangojei vidonge, anabebwa.

Na huko kwenu kuna mbung'o. Msivae nguo za bluu iliyokolea wala nyeusi, zinawavuta. Mtu akipata homa isiyosikia dawa ya malaria, hasa kama palitokea kidonda pale alipoumwa, mwambieni daktari kwa mdomo wenu kwamba mmetoka msituni kwenye mbung'o na mnaogopa malale. Msipolisema anaweza asilifikirie, na malale ya huku kwetu huenda mbio.

Ongezeni ORS pakiti 20. Zikiisha: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Chumvi isizidi. Vyote viwekwe kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko wa kubana. Asali ikivujia bandeji mmezipoteza.

Habari yako. Kikundi chetu cha kanisa kinapanda Ngong Hills Jumamosi. Lile boksi la supermarket lenye msalaba linatosha? – Nairobi

Lifungue dukani juu ya kaunta kabla ya kulipa. Mengi yana plasta 30 na bandeji moja nyembamba. Ngong mko karibu na barabara, kwa hiyo ongezeni bandeji mbili za kuvutika, gozi, glovu, maji na sweta la ziada kwa ule upepo, na namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya kwenye simu za watu wawili. Inatosha.

Assalaam alaykum bi nesi. Sisi ni watu wa Unguja tunaoishi Muscat. Siku za mapumziko ya skuli tunawapeleka watoto na bibi yao Wadi Shab, mara nyingine tunalala jangwani Sharqiya. Mkoba mmoja utafaa kote? – Mama, Muscat

Waalaykum salaam mama. Mikoba miwili, kwa sababu maadui ni tofauti. Wadi Shab mnavuka kwa boti, mnatembea kama dakika 45 kwenye mawe, kisha mnaogelea, na ndani ya bonde simu mara nyingi haishiki. Mkoba wa huko uwe mdogo usioingia maji: bandeji za kuvutika, gozi, plasta, kibano, filimbi, ORS. Kubalianeni kabla ya kuingia nani atakayetoka mbio kupiga 9999. Bibi abaki chini kivulini penye watu. Na siku ambayo mawingu yameshika milima msiingie kabisa, hata kama juu yenu kweupe. Mafuriko ya wadi, yaani bonde la mto, huletwa na mvua iliyonyesha mbali.

Jangwani adui ni joto. Msingoje mtu aache kutoa jasho, wengine huanguka wakiwa wamelowa jasho. Angalieni akili: akianza kusema ovyo, kuyumba, kugombana bila sababu, huyo ni wa kupozwa papo hapo. Kivulini, nguo za juu zitoke, mmwagieni maji mwili mzima, mfunikeni kanga iliyolowa na mpepee kwa nguvu, mkiendelea hivyo hata ndani ya gari njiani. Panadol haishushi joto la jua. Kwa hiyo mkoba wa jangwani, pamoja na kibano na dawa, ni dumu la maji ya kumwagia mtu, mbali na ya kunywa. Viatu vikung'uteni asubuhi kwa ajili ya nge. Mtoto mdogo akiumwa na nge ni wa hospitali hata kama analia tu. Bibi akitumia vidonge vya presha au sukari, vibebeni vya siku mbili zaidi ya safari, na vikae kwenye boksi la baridi, si kwenye dashibodi.

Shikamoo. Dawa za mkoba wa mwaka juzi nizitumie? – Mbeya

Marahaba. Zimwage zote mezani usome tarehe. Vidonge vilivyopita muda vipeleke duka la dawa waviteketeze, usitupe chooni wala jalalani watoto wasiviokote. Gozi ambayo karatasi yake imetoboka au imelowa si safi tena, itumie kufutia. Plasta iliyokauka gundi itupe. Mkasi uupake mafuta kidogo. Ukimaliza, andika kwenye mfuniko tarehe ya dawa itakayoisha mapema kuliko zote, na jina la atakayeukagua tena.